Nahodha aliyeuogopa moyo wake: uchambuzi wa kisa kimoja cha Lamu

Kisa hiki kimesukwa kwa dalili na makosa yanayojirudia katika chumba cha ushauri. Si habari ya mtu mmoja. Mji wenye vichochoro vya kupita punda mmoja hauna siri, na kubadilisha jina peke yake hakumfichi mtu. Tulichokiacha kama kilivyo ni mwenendo wa matibabu, vipimo vyake, na pale yalipokwenda mrama.

Kilichomleta

Ni mwanamume wa miaka 46, nahodha wa mashua, mkaazi wa Lamu mjini, ana mke na watoto wanne. Alikuja mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma, wakati ambao chombo chake kilipaswa kuwa majini. Kilikuwa kimelala ufuoni miezi mitano. Alieleza hivi: “Moyo wapiga kama mashini, mato yaingia kiza, vidole vyafa ganzi. Naona ndiyo basi.” Hali hiyo, yaani shambulio la hofu, ilimjia mara tatu au nne kwa wiki, ikapanda hadi kileleni kwa muda wa dakika kumi hivi, kisha ikashuka na kumwacha hoi kama aliyevuta nanga kutwa.

Kabla ya hapo alikuwa amepita milango kadhaa. Hospitalini alipimwa umeme wa moyo, yaani ECG, mara tatu. Akapimwa sukari, shinikizo, wingi wa damu na homoni ya tezi ya shingo. Vyote vilikuwa sawa. Kwenye duka la dawa akapata diazepamu ya miligramu 5, ameze “akizidiwa”. Kwa mwalimu wa madrasa alinywa kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, siku saba. Na barazani akapewa sababu ambayo kila mtu aliikubali: jini wa bahari. Mwaka mmoja na nusu nyuma, wakati wa kusi, mashua yake ilipinduka kwenye mlango wa bahari, baina ya Shela na Ras Kitau, na yeye na mabaharia wake watatu wakang’ang’ania ubavu wa chombo karibu saa mbili hadi walipookolewa. Wote walipona.

Alama zake siku ya kwanza: GAD-7, dodoso la wasiwasi, 15 kwa 21. PHQ-9, la sonona, 9 kwa 27, na swali la tisa, lile la kutamani kufa au kujidhuru, alilijibu sifuri. Madodoso haya mawili yapo kwa Kiswahili na yamepimwa na watafiti wa Kilifi, kwa hivyo hakuna haja ya mshauri kutafsiri maswali papo hapo kwa kubahatisha. Hata hivyo kwa mzee wa pwani ni bora yasomwe kwa sauti kuliko kumpa karatasi na kalamu. Akijaza mwenyewe huandika alichofikiri kinatakiwa, akisomewa hueleza.

Mshauri na mkono wake

Mshauri aliyempokea, mwanamke, alikuwa muuguzi miaka kumi na mmoja kabla ya kusomea saikolojia ya ushauri. Kenya, tangu Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kazi hii hufanywa na aliyesajiliwa na bodi yake; na mwenye busara, hata akishasajiliwa, huendelea kupeleka kesi zake kwa msimamizi mwenye uzoefu zaidi. Hilo la msimamizi litatufaa mbele.

Uuguzi ulimpa mambo mawili. La kwanza ni kutoogopa mwili. Mshauri aliyesomea mazungumzo tu, akisikia “kifua chabana”, huwa na haraka ya kumrudisha mtu hospitali kwa ECG ya nne, au kinyume chake, kumwambia ni mawazo tu. Huyu aliuliza yale ambayo katika safari zote tatu za hospitali hayakuulizwa: unatafuna miraa? Mara ngapi? Unalala kwa saa ngapi? Kahawa vikombe vingapi? Majibu: miraa kila usiku wa kuamkia Ijumaa na kwenye kila harusi, kahawa chungu vikombe sita kwa siku, usingizi wa saa nne au tano tu. Miraa ina kathinoni, inayofanya kazi mwilini kwa namna ya amfetamini: hupandisha mapigo ya moyo na kufukuza usingizi. Peke yake haileti ugonjwa huu kwa kila mtafunaji, la sivyo nusu ya pwani ingekuwa kitandani, lakini huuwashia moto ukiwa tayari upo.

La pili ni mkono wa kutuliza. Muuguzi hufunzwa kwamba mgonjwa akihangaika, utamshika bega, utashusha sauti, utamwambia yuko mahali salama. Wodini ni sifa. Katika ugonjwa huu sifa hiyo ikageuka tatizo, kama tutakavyoona.

Jambo dogo la mpangilio: mwanamke na mwanamume wasio maharimu chumbani peke yao huleta maneno. Walitumia chumba cha juu, mlango ukaachwa wazi upana wa kiganja, mpwa wa nahodha akaketi chini mwisho wa ngazi, na feni ikawashwa ili sauti zisishuke. Kufanyia kikao dakani, kwenye mabenchi ya mawe ya mlangoni, kungeondoa tatizo la khalwa, yaani faragha ya wawili, na kuleta la siri. Wapita njia wote wangesikia.

Vikao vinne vilivyopotea

Mshauri alilipokea jibu la barazani bila kujua. Hakuamini jini, lakini aliiamini bahari. Mtu amepinduka na chombo, sasa hapandi chombo: maelezo yanatosheleza. Vikao vya kwanza vinne vikaenda kwenye ile ajali. Nahodha aliieleza vizuri mno, kwa mpangilio, akiigiza mawimbi kwa mikono na hata kucheka alipofika kwa baharia aliyeng’ang’ania sufuria ya wali. Hakuwa na ndoto za kutisha. Hakuruka habari yoyote. Mtu mwenye jeraha la tukio hukwepa kulisimulia, au akilisimulia huonekana limemrudia mwilini. Huyu alikuwa akisimulia hadithi ambayo ameshaisimulia mara mia.

Pamoja na hayo alifundishwa kupumua kwa tumbo: kuvuta kwa sekunde nne, kutoa kwa sekunde sita, mkono mmoja kifuani na mwingine kitovuni. Alipenda. Alifanya mazoezi kuliko alivyoambiwa. Mashambulio yakapungua kidogo wiki ya pili, kisha wiki ya nne yakarudi kama awali, na safari hii akawa na hofu mpya: kwamba siku moja litamjia mahali ambapo hawezi kukaa akaweka mikono tumboni.

Msimamizi wa mshauri aliposoma maandishi ya vikao aliuliza swali moja tu: shambulio la kwanza lilimpata lini na wapi? Halikuwa limeandikwa.

Kikao cha tano kilianza hapo. Shambulio la kwanza halikuja mwaka wa ajali. Lilikuja miezi kumi na minne baadaye, mwezi wa Agosti, ndani ya boti ya abiria kutoka Mokowe, gati ya bara, baada ya harusi ya mikesha miwili ya miraa na kahawa bila usingizi. Katikati ya miezi hiyo kumi na minne alikuwa ameenda baharini kama kawaida, hata wakati wa mawimbi.

Kisha mshauri akamuuliza: “Nahodha, tuseme bahari imetulia, na hospitali imeelea kando ya chombo chako. Utapanda?”

“Nitapanda yeo hii.”

“Na nikikwambia uende kwa gari hadi Kiunga, nchi kavu, hospitali iko mbali?”

“Siendi.”

Akaulizwa mengine anayoyaepuka. Yakatoka yasiyokuwa na maji ndani yake: ngazi za nyumba yake alizipanda kwa kupumzika kila kidato cha nne, safu ya mbele msikitini siku ya Ijumaa, kwa kuwa ni vigumu kutoka, kubeba mtungi, joto la mchana, na tendo la ndoa, alilolitaja akitazama dirishani. Ngazi, mtungi, joto na ndoa vinaunganishwa na kitu kimoja tu: vyote huupandisha moyo. Msikiti, boti na Kiunga navyo vina chao: moyo ukipanda ukiwa huko, msaada u mbali. Kumbe bahari haikuwa inaogopwa. Kilichoogopwa kilikuwa ndani ya mbavu.

Mwili unavyojitisha

Jambo hili si geni. Mwaka 1871 daktari wa Marekani, Jacob Mendes Da Costa, aliandika juu ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe waliolalamikia maumivu ya kifua na moyo kwenda mbio bila ugonjwa wa moyo kuonekana. Miaka 115 baadaye, 1986, mwanasaikolojia wa Uingereza David M. Clark akaeleza gurudumu lake: mtu huhisi badiliko dogo la mwili, hulitafsiri kuwa ni balaa, tafsiri hiyo huleta hofu, hofu huongeza badiliko lile lile, na sasa ana ushahidi zaidi wa balaa.

Kwa nahodha lilichorwa kwenye karatasi namna hii. Moyo unadunda kwa ngazi. “Ndiyo huu.” Hofu. Mwili unamwaga adrenalini, moyo unazidi, pumzi zinakuwa za haraka. Pumzi za haraka hutoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Ikipungua kwenye damu, mishipa ya ubongo hujibana kidogo, kichwa kinakuwa chepesi, macho yanatiwa kiza, midomo na vidole vinafanya ganzi. Hakuna kilichoharibika. Ajabu ni kwamba mtu anayepumua kupita kiasi huhisi anakosa hewa, basi huvuta zaidi.

Aliyoyashangaa zaidi yalikuwa ya kuzimia. Mtu huzimia shinikizo la damu likishuka. Katika shambulio la hofu shinikizo na mapigo kwa kawaida hupanda, ndiyo maana kuzimia humo ni nadra. Wanaozimia kwa hofu wengi ni wale wa kuona damu au sindano, na mwili wao hufanya kinyume. Nahodha alikuwa ameketi chini haraka kila mara kwa miezi mitano ili asizimie, na kila mara alijipa sifa ya kujiokoa.

Maelezo haya hayaponyi. Mgonjwa huyakubali kikaoni na kuyasahau kwenye ngazi. Mwili unahitaji kuonyeshwa.

Kuuita ugonjwa kwa makusudi

Kabla ya hatua hii ni lazima daktari awe amethibitisha kwamba hakuna ugonjwa wa moyo, pumu kali, kifafa au ujauzito. Zoezi la kupumua kwa kasi si la kujaribiwa nyumbani na kila anayesoma. Nahodha alikuwa na vipimo vyake, na mshauri alimwandikia daktari kumjulisha.

Zilijaribiwa njia sita za kuzusha dalili, kila moja ikipewa alama 0 hadi 10 mara mbili: hofu kiasi gani, na inafanana na shambulio kiasi gani. Kuzunguka kwenye kiti kwa dakika moja kulimpa kizunguzungu bila hofu. Mtu wa bahari, kizunguzungu ni jirani yake. Kutikisa kichwa, bure. Kushikilia pumzi sekunde 30, bure. Alishikilia 70 kwa majivuno. Tatu ndizo zilizogusa: kupanda na kushuka ngazi kwa kasi dakika mbili, mfanano 8, kupumua kwa mrija mwembamba, pua imebanwa, dakika mbili, mfanano 6, na kupumua kwa kina na kwa kasi, pumzi moja kila sekunde mbili kwa sekunde 60, mfanano 9.

Hii ya mwisho alipoianza mara ya kwanza, sekunde ya 25 aliacha, akashika kiti, akaketi, mikono tumboni, akavuta nne akatoa sita. Mshauri naye, bila kufikiri, akamwambia: “Usijali, uko salama.”

Mambo mawili yalitokea kwa mpigo mmoja, na yote mawili yalitoka kwenye mkono ule wa muuguzi. Zoezi la kupumua alilofundishwa limekuwa mkongojo: amejifunza kwamba alipona *kwa sababu* alipumua hivyo, si kwamba hakukuwa na hatari. Na kauli ya “uko salama” ni mkongojo wa pili, maana usalama sasa uko mdomoni mwa mshauri. Kupumua taratibu si kubaya. Kwa mtu aliyechoka au asiyepata usingizi ni dawa nzuri. Tatizo ni kutumia utulivu kama kizima moto, jambo linaloikubalia hofu dai lake kwamba kuna moto.

Baada ya hapo kanuni ikabadilika. Kabla ya kila jaribio aliandika utabiri: “Nikipumua hivi dakika nzima nimesimama bila kushika kitu, nitaanguka. 90 kwa 100.” Kisha alisimama katikati ya chumba, mikono imening’inia, akapumua sekunde 60, akabaki amesimama dakika tatu nyingine bila kufanya lolote la kujituliza. Mshauri alinyamaza, akatazama saa. Mwisho swali lilikuwa moja: ulitabiri nini, kimetokea nini? Wala haikuwa lazima hofu ishuke. Michelle Craske na wenzake wameandika tangu 2014 kwamba kinachofundisha ni pengo kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea. Mtu anaweza kumaliza akiwa bado anatetemeka na awe amejifunza. Jaribio la pili utabiri ulikuwa 70, la tano 20. Nyumbani alifanya ngazi mara mbili kwa siku, vidato 28, bila kupumzika na bila kujishika mshipa.

Mikongojo mingine

Waliihesabu: diazepamu, mke, simu, chupa ya maji, kushika mshipa, dua.

Kidonge alikuwa hamezi tena. Alikitia kwenye pindo la kikoi, karatasi yake imeshasuguliwa hadi fedha imetoka. Kidonge kisichomezwa bado kinafanya kazi. Kwa kuwa alikuwa akikitumia mara moja moja tu, aliweza kukiacha. Anayemeza kila siku kwa wiki kadhaa asikatishe ghafla, apunguziwe na daktari, kwani kukatisha kunaweza kuleta degedege.

Mke aliitwa kikao cha sita, kwa ridhaa ya mumewe. Usiku alikuwa akiamka kumshika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo kwa saa ya simu. Hakuambiwa kwamba amekosea, maana alifanya kwa mapenzi. Alipewa maneno ya kuweka badala yake: “Naona limekuja. Mimi niko jikoni.” Kisha aende jikoni kweli. Alisema hayo ni ukatili. Wiki mbili baadaye ndiye aliyeyafuata vizuri kuliko wote.

Dua ilihitaji uangalifu, na hapa washauri wengi huharibu, ama kwa kuidharau ama kwa kuipachika kama mbinu ya matibabu. Nahodha alisoma “Bismillahi majraha wa mursaha” akipanda chombo, kama baba yake. Tangu Agosti alikuwa akiirudia mara thelathini, kidole mshipani, akisikiliza kama moyo umetii. Mshauri hakusema kitu juu ya dua. Alimwomba aende kumuuliza mwalimu wake yule wa kombe. Alirudi na jibu: husomwa mara moja, ukipanda, ya pili hadi ya thelathini unamkumbusha nani? Akaisoma mara moja.

Jaketi la kuokoa maisha lilibaki. Aliuliza kama nalo ni mkongojo. Mkongojo hukinga hatari isiyokuwepo. Maji ya kusi yapo.

Kwenda majini

Ramadhani iliingia katikati ya matibabu, ikawa na faida isiyotarajiwa. Siku tatu za kwanza kichwa kilimuuma na alasiri kikawa chepesi. Aliandika kwenye daftari lake “kahawa, na kiu”, badala ya “moyo”. Tarawehe akaswali safu ya mbele, feni imeharibika. Akatembea Lamu hadi Shela saa sita mchana bila simu. Boti ya Mokowe, kwenda na kurudi, kisha peke yake.

Baada ya Idi alirudi nyuma. Harusi, miraa, usingizi wa saa tatu tu, asubuhi gatini Mokowe shambulio likamshika sawasawa. Akaenda hospitali, ECG ya nne, sawa. Kikao cha tisa alikuja na aibu, anataka kuacha. Walichambua siku ile kwa saa badala ya kuisikitikia: alikuwa na viungo vyote vya shambulio la Agosti, lakini hili lilidumu dakika kumi na tano na jioni yake alikuwa ufuoni akiziba chombo kwa kalafati. La Agosti lilimlaza siku nne. Ngazi zikaanza upya kwa wiki moja. Miraa hakuiacha, alikubali kutotafuna usiku unaotangulia safari, na mshauri alitosheka na hilo.

Aprili aliendesha mashua yake hadi Manda, halafu akapita mlango wa bahari wa Mkanda maji yakijaa, mwisho Faza, akalala huko. Kikao cha kumi na mbili GAD-7 ilikuwa 6. Moyo bado hudunda. Usiku mwingine hujikuta kidole kiko mshipani, akakiondoa.

Ufuatiliaji wa Juni ulikuwa kwa simu. Aliulizwa ametoka mara ngapi wiki hiyo, akajibu hakutoka hata mara moja. Mshauri alichukua kalamu.

“Kwa nini, nahodha?”

“Kusi.”

“Na wenzako?”

“Wamepandisha vyombo wote.”

Safu ya wiki hiyo, pale panapoandikwa kilichoepukwa, iliachwa tupu.